Bata Mzinga Hakamatwi kwa Mbio

Leo katika mazungumzo yetu tuweke kando pamba, mpunga na dengu. Tuzungumze habari za ndege mmoja ambaye baadhi yetu hapa Magu wameanza kumfuga huria, akizunguka mjini na kondeni pamoja na kuku. Ndege huyo ni bata mzinga.

Wafugaji wengi wa ndege huyu wana malalamiko ya namna moja. Hawalalamikii chakula, maana bata mzinga hujitafutia panzi, kumbikumbi, majani na mbegu. Wanalalamikia kumkamata. Mnunuzi amekuja na baiskeli yake, fedha anayo mfukoni, lakini ndege hakamatiki. Watoto wanamkimbiza, mbwa nao wanajiunga, mwisho ndege ameingia katika uzio wa minyaa au amepanda juu ya mti. Akikamatwa, bawa limevunjika. Wakati mwingine anafia mikononi kabla fedha haijahesabiwa.

Basi nataka tufuate historia ya ndege huyu, kwa sababu historia yake ndiyo inayotueleza tabia yake, na tabia yake ndiyo inayotuonyesha namna ya kumkamata. Tena jambo hili si dogo. Ndege asiyekamatika hauziki vizuri, hatibiwi, na lililo kubwa zaidi, hachanjwi.

Tuanze na jina. Sisi tunamwita bata, lakini yeye si bata hata kidogo. Hana vidole vilivyounganishwa kwa ngozi ya kuogelea. Ukoo wake ni ule wa kuku, kwale na kanga. Kosa hili la jina si letu peke yetu. Waingereza humwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe humwita ndege wa India. Wafaransa nao jina lao lina maana hiyo hiyo ya kutoka India. Wareno humwita kwa jina la Peru, na Wamisri husema ni jogoo wa Kirumi. Kila taifa linamsukumia mwenzake! Hata mabingwa wa sayansi walipompa jina lao, walimpa Meleagris, neno la Kiyunani ambalo zamani lilikuwa jina la kanga. Na kanga, ndugu zangu, ni ndege wa Afrika, huyu huyu mwenye madoadoa tunayemwona katika mbuga za upande wa Serengeti.

Ukweli ni kwamba bata mzinga asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakimfuga zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Wahispania walimkuta huko mwanzoni mwa karne ya 16, wakampeleka Ulaya, na kutoka Ulaya akaenea upesi kwa njia ya merikebu. Mwaka 1612 mfalme Jahangir wa India aliletewa ndege huyu kutoka Goa, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Mfalme alistaajabu sana. Aliandika jinsi kichwa na shingo ya ndege huyo vinavyogeuka rangi mfano wa kinyonga, na mchoraji wake aitwaye Mansur akamchora picha ambayo ipo hata leo. Kwa hiyo zaidi ya miaka 400 iliyopita ndege huyu alikwisha fika katika pwani za Bahari ya Hindi.

Sasa, huko kwao Amerika bata mzinga wa porini anaishi vipi? Mchana hutembea chini, kundi zima, akichokoa chakula. Jua likianza kutua hutafuta mti mkubwa na kupanda kulala juu, ili aepukane na wanyama wakali. Macho yake mchana ni makali ajabu, lakini gizani haoni vizuri. Kundi hufuatana, na ndege aliyetengwa na wenzake huhangaika. Shikeni mambo haya matatu: anafuata kundi, anapanda juu jioni, na gizani haoni. Yote nitakayosema baadaye yanatoka hapo.

Watu wa zamani waliyajua mambo hayo na wakayatumia. Uingereza, katika majimbo ya Norfolk na Suffolk, wakulima walifuga bata mzinga wengi kwa soko la London. Wakati huo hapakuwa na reli wala lori. Walifanyaje? Waliwatembeza kwa miguu kama sisi tunavyoswaga ng'ombe kwenda mnadani. Mwandishi Daniel Defoe alieleza habari hizo mwaka 1724. Alisema katika daraja moja tu la mto Stour yalipita makundi 300 ya bata mzinga kwa msimu mmoja. Kila kundi lilikuwa na ndege kati ya 300 na 1000, na yeye alikadiria kwamba jumla yao ni ndege 150,000. Hebu fikirini! Ndege 150,000 waliongozwa kwa fito na subira. Hapana mtu awezaye kumkimbiza kila mmoja wao.

Defoe huyo huyo alieleza pia kwamba watu walikuwa wameanza kutengeneza magari ya farasi yenye ghorofa nne. Ndege walipangwa ghorofa juu ya ghorofa, na magari yakasafiri usiku na mchana, farasi wakibadilishwa njiani, hata maili 100, yaani kilomita kama 160, kwa siku mbili na usiku mmoja. Kwa nini ghorofa? Kwa sababu ndege wakirundikwa pamoja, wa juu huwakandamiza wa chini. Watu wale walikwisha ng'amua jambo hilo miaka 300 iliyopita, nasi mpaka leo tunaona matenga yamejazwa ndege mpaka hawawezi kugeuza shingo.

Huko Marekani, katika mji wa Cuero, jimbo la Texas, wafugaji nao waliwaswaga bata mzinga kwa maelfu mpaka kiwandani. Mwaka 1912 msafara huo ukageuzwa kuwa sherehe ya mji, watu wakaja kutazama kundi likipita barabarani. Kwa hiyo Uingereza na Amerika pia, fundisho ni lile lile: bata mzinga huongozwa polepole, wala hafukuzwi.

Haya, turudi kwetu. Historia ya sehemu hizi za Ghuba ya Speke, kuanzia Kisesa na Nyanguge mpaka mto Simiyu, imeandikwa sana kwa pamba na ng'ombe. Mabwana shamba wa Ukiriguru walitafiti pamba tangu miaka ya 1930. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani. Pamba ilikuwa na chama, mzani, karani na kiwanda cha kuchambulia. Ng'ombe alikuwa na mnada na josho. Lakini ndege wa mama, yule anayemsaidia kununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto, hakuwa na karani wala mzani. Wazee wengi hawakumhesabu kuwa mali. Ati ni kitoweo cha mgeni tu.

Mambo yakaanza kugeuka kidogo kidogo. Mwaka 1974 watu wengi walihamia katika vijiji, na nyumba zikawa karibu karibu. Mwaka 1975 kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai ilihimiza watu kula vizuri, na wananchi wakakusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadiliana. Ndege wa kufugwa akaanza kupewa heshima yake katika lishe. Lakini nyumba zikiwa karibu, ndege wa jirani mmoja huchangamana na wa jirani mwingine, na maradhi ya mmoja huwa maradhi ya wote.

Maradhi makubwa kuliko yote ni mdondo, wengine huyaita kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Mwaka 1935 ulionekana Kenya. Mfugaji hahitaji kuelezwa mengi. Asubuhi ndege amejikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi cha kijani, shingo inapinda, na kwa siku chache banda limebaki tupu. Bata mzinga huupata kama kuku. Dawa ya kuutibu hakuna. Kinga yake ni chanjo.

Zamani chanjo zilikuwa na shida moja kubwa: zilitaka baridi tangu kiwandani mpaka kijijini. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo imekufa. Chupa zilikuwa kubwa pia, za ndege mamia, na mama mwenye ndege 12 hakuweza kununua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, walitafuta chanjo inayostahimili joto, wakapata ile iitwayo I-2. Mbegu yake walizigawia nchi zetu ili zijitengenezee wenyewe. Hapa Tanzania ilitengenezwa Temeke, Dar es Salaam, na kati ya mwaka 2002 na 2005 kulikuwa na mradi wa pamoja wa Tanzania, Malawi na Msumbiji wa kupambana na mdondo vijijini. Maabara zetu za mifugo ziliunganishwa mwaka 2012 kuwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania.

Chanjo hii hutiwa tone moja katika jicho moja la ndege, basi. Haina sindano. Hurudiwa mara kwa mara, na muda wa kurudia usizidi miezi 4. Lakini hapa ndipo mambo yanapokwama, ndugu zangu. Chanjo imetoka Australia mpaka Temeke, Temeke mpaka Mwanza, Mwanza mpaka kijijini kwako. Imestahimili joto la safari nzima. Ikifika mlangoni pako inasubiri kitu kimoja: mkono wa kumkamata ndege. Mchanjaji amekuja saa nne asubuhi, ndege wote wako kondeni. Wakimbizwe? Watatu wanakamatwa, tisa wamekimbia. Mchanjaji anaondoka. Mdondo ukija, mtu anasema, "Chanjo haifai kitu, mimi nilichanja." Hapana. Ulichanja watatu.

Liko na fundisho jingine la historia. Mwaka 1895 mtaalamu wa Marekani, Theobald Smith, alieleza ugonjwa mmoja uliokuwa ukiwamaliza bata mzinga, unaoharibu ini na utumbo. Mwaka 1920 yeye na mwenzake Graybill walionyesha kwamba ugonjwa huo hupitia katika mayai ya minyoo midogo ya utumboni. Kuku hubeba minyoo hiyo bila kuonyesha taabu kubwa, lakini bata mzinga, hasa mdogo, hufa. Kwa hiyo msidanganywe na jina la bata wala na ukoo wa kuku. Kuku na bata mzinga wasilale banda moja, na vifaranga vya bata mzinga visikuzwe mahali palipolala kuku. Ukitazama ndege wako waliokamatika kila jioni, utaona mapema yule anayetoa kinyesi cha njano na kukonda.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza hatua kwa hatua, na anayeandika aandike.

Kwanza, wazoeshe. Kila jioni, kabla jua halijatua, waite kwa sauti ile ile au kwa kugonga debe, uwape mtama kidogo au vumbi la dagaa. Wape mahali pamoja, usihamehame. Baada ya wiki chache utagonga debe nao watakuja mbio wenyewe. Gharama ni konzi chache za mtama, na kukimbizana kumekwisha.

Pili, tengeneza kizizi. Kwa fito, mabua na kamba za katani unaweza kujenga uzio mdogo kando ya nyumba, wenye mlango mmoja, unaoanza kwa upana na kuishia kwembamba. Ndani weka vijiti vya kulalia, vinene kama mpini wa jembe, visivyozidi kimo cha kiuno chako. Maana yeye lazima apande juu kulala. Usipompa kijiti atachagua mwembe. Kizizi kiwe mbali na minyaa. Utomvu wa minyaa huunguza macho ya ndege, na macho ya mtoto anayemfuata pia.

Tatu, waongoze, usiwafukuze. Shika fito ndefu kila mkono, nyosha mikono, tembea polepole nyuma ya kundi. Mtu wa pili akae ubavuni. Usipige kelele. Mbwa afungwe. Usijaribu kumtenga mmoja kondeni, leta kundi zima, umchague ndani ya kizizi.

Nne, kama huna haraka, ngoja giza. Ndege akishalala kijitini, ingia taratibu na tochi iliyofunikwa kitambaa ili mwanga uwe hafifu. Utamshika bila purukushani. Mpangie mchanjaji aje alfajiri au jioni, siyo saa nne. Kama umewashika usiku kwa ajili ya chanjo ya asubuhi, wafungie tu ndani ya kizizi mpaka mchanjaji aje.

Tano, namna ya kushika. Simama ubavuni pake, siyo mbele. Mkono mmoja upite juu ya mgongo na kuzibana mbawa zote mbili mwilini. Mkono wa pili ushike miguu yote miwili, juu karibu na mapaja. Mwinue, kidari chake kilale juu ya mkono wako, kichwa kielekee nyuma ya kwapa lako. Usimshike bawa moja. Usimshike mguu mmoja. Dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 7 na zaidi, na uzito huo wote ukining'inia kwenye kiungo kimoja, kiungo kinateguka. Dume pia ana kipi na kucha kali, na bawa lake laweza kumwumiza mtu usoni. Asishikwe na mtoto.

Sita, usimning'inize kichwa chini. Ndege hana ule utando wa kifuani tulio nao sisi unaosukuma pumzi. Yeye hupumua kwa kidari kupanda na kushuka. Ukimkumbatia kwa nguvu kidari kisiweze kusogea, amekosa pumzi. Ukimning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, matumbo mazito yanayakandamiza mapafu. Ndiyo sababu wengine hufika sokoni wamekufa, mtu akadhani ni jua tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kuwatesa wanyama, hata wakiwa safarini. Hata bila sheria, ndege aliyevilia damu mapajani hushushwa bei.

Saba, safari. Tenga la kuku halimtoshi bata mzinga. Suka lenye kimo cha kumwezesha kukaa bila kuinama, chini utandike majani makavu, na dume mmoja awe na tenga lake. Mnyweshe maji kabla ya safari, chakula kiwe kidogo. Ondoka alfajiri. Ukipandisha tenga juu ya basi la kwenda Mwanza, lisikandamizwe na magunia, na upepo upite pande zote. Kama ni lazima kufunga miguu, tumia kitambaa laini, siyo kamba ya katani iliyokazwa.

Nane, ndege mgeni asichanganywe na wenyeji siku hiyo hiyo. Mtenge wiki mbili, umtazame. Na wakati wa kunyunyizia pamba dawa, wafungie ndege wako mbali na shamba. Bata mzinga hula wadudu, na mdudu aliyekunywa sumu ni sumu.

Katika miji mingi anayemlisha ndege ni mama, na anayemkimbiza siku ya kuuza ni vijana wa baba. Wasikilizeni akina mama. Ndege anamfahamu yule anayempa mtama. Mama akigonga debe, kundi linakuja. Baba akitoka na rungu, kundi linatawanyika. Basi siku ya chanjo au ya mauzo, mama awe ndiye kiongozi wa kazi, na fedha ikipatikana asisahauliwe.

Ndugu wakulima, kazi ya wiki hii ni mbili. Jengeni kizizi kimoja, hata kama mna ndege wanne. Halafu mwende kwa ofisa mifugo wa kata mkaulize siku ya chanjo ya mdondo, mkapatane saa ya alfajiri. Majirani wa kitongoji kimoja wachanje siku moja, maana ndege asiyechanjwa wa jirani ni hatari kwako pia.